Fyuzi Imeungua? Usikimbilie Kuweka Nyingine

Jumamosi iliyopita, kahawa yangu haijapoa bado, mwalimu mmoja wa Bamburi, hapa Mombasa, aliingia karakanani na gari lake la Probox, mkononi kashika bahasha ya kaki. Akaimimina juu ya meza. Fyuzi nne za buluu, zote zimeungua.

"Fundi, hizi zote zimekwenda wiki hii. Naweka asubuhi, jioni imekatika. Simu haichaji, nami kazi zangu zote ziko kwenye simu."

"Na ya tano, mwalimu, utaweka ipi?"

Akatia mkono mfukoni akatoa ya kijani. Muuzaji wa spea alimshauri aweke kubwa, haitamsumbua tena. Hapo nikaweka kikombe chini.

Muuzaji yule hakusema uongo. Ya buluu huvumilia umeme wa ampea 15, ya kijani 30, na kwa hakika ya kijani isingemsumbua upesi. Ambao ungeungua ni waya uliojificha nyuma ya dashibodi, waya ambao kiwanda kiliuchagulia unene wake kwa hesabu ya ampea 15. Na waya ukiungua kule hauungui peke yake. Huyeyusha ngozi ya wenzake, zikashikana zote, na hapo tena hatuzungumzii fyuzi ya bei ya peremende, twazungumzia kung'oa dashibodi nzima.

Babu yangu alikuwa akivua kwa mshipi pale Tudor. Chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, alilifunga kwa uzi mwembamba kuliko mshipi wenyewe, makusudi, ili likinasa mwambani ukatike uzi ule, mshipi na ndoana zirudi. Hakuwahi kurudi nyumbani akilalamika kuwa uzi ni dhaifu. Fyuzi ndiyo uzi ule wa chubwi. Mtu akinijia na "fundi, fyuzi yangu mbovu," mimi humwambia hiyo iliyokatika ndiyo nzima kuliko zote garini, maana imeifanya kazi iliyowekewa. Swali ni mshipi umenasa wapi.

Kabla sijagusa gari nilimuuliza mwalimu anachomeka nini kwenye lile tundu la kiberiti cha sigara, ambalo mafundi twaliita laita. Swali hili lina hesabu ndani yake. Umeme wa gari ni volti 12. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawa kwa 12, utapata ampea. Pampu ya upepo iliyoandikwa wati 180 inakula ampea 15, yaani fyuzi ya buluu nzima bila chenji. Ukiichomeka pamoja na chaja kwa ile plagi ya vichwa viwili, umeshapita. Lakini chaja ya simu ya wati 20 haifiki hata ampea 2. Mwalimu akasema hana pampu, ni simu tu. Basi si mzigo mkubwa. Kuna shoti, yaani umeme unagusa bodi ya gari mahali pasipostahili.

Fyuzi zenyewe zilinihakikishia. Ishike juani utazame katikati, kuna utepe mwembamba wa chuma uliojipinda, unaunganisha miguu miwili. Ukikuta umekatika taratibu, pengo dogo tu na plastiki bado safi, mara nyingi ni mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu. Ukikuta plastiki imefuka weusi ndani, kama kioo cha kandili kilichoshika masizi, basi umeme ulipita kwa kishindo mara moja. Za mwalimu zote nne zilikuwa na masizi.

Sasa, kasha la fyuzi liko wapi? Magari mengi ya Japani yanayoshuka hapa bandarini yana makasha mawili. Moja liko chini ya boneti karibu na betri, la mambo mazito. La pili ndilo la mambo ya ndani, na utalikuta chini ya dashibodi upande wa dereva, kwenye goti la kulia au juu ya pedeli. Kwa magari mengine ni nyuma ya kile kisanduku cha kuwekea vikaratasi mbele ya abiria. Piga magoti nje ya mlango, uinamishe kichwa ndani na tochi. Najua si raha, hasa kwa sisi wenye vitambi, lakini njia nyingine hakuna.

Kwenye mfuniko kuna mchoro, na kwenye gari lililotoka Japani mchoro huo huenda ukawa wa Kijapani. Usitishike. Vifupisho vingi vimeandikwa kwa herufi zetu, na ukijua vichache umepona. CIG ni laita. TAIL ni taa ndogo za nyuma, na mara nyingi ni pamoja na taa ya namba na mwanga wa dashibodi usiku. STOP ni taa za breki. DOME ni taa ya ndani ya darini, na mara nyingi hubeba saa na kumbukumbu ya redio pia. Fyuzi moja huhudumia vitu kadhaa, kwa hiyo orodhesha vyote vilivyokufa kwa pamoja kabla hujainama. Orodha hiyo itakupeleka kwenye fyuzi moja.

Hiyo DOME ina visa vyake. Magari mengine yakisafirishwa melini fyuzi hii huchomolewa ili betri isinyonywe safari nzima. Nimeletewa gari lililotoka bandarini siku hiyo hiyo, mwenyewe amejaa hasira, taa ya ndani haiwaki, saa haisomi, anaamini ameuziwa mkweche. Nikafungua kasha, nafasi ya DOME iko tupu na fyuzi yake imelazwa pembeni mle mle kashani. Nikaichomeka, taa ikawaka. Hakuniamini nilipomwambia hakuna deni.

Kupima ni kazi ya dakika mbili ukiwa na testa, ile yenye taa kwenye mpini na waya wenye kibanio. Bana kibanio kwenye chuma kitupu cha bodi, bolti isiyo na rangi. Washa swichi ya gari na washa kile kitu chenye shida. Juu ya kila fyuzi kuna vidoa viwili vya chuma, na viliachwa wazi kwa kazi hii hasa. Gusa kimoja, gusa cha pili. Taa ya testa ikiwaka kote kuwili, fyuzi nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, umeipata. Isipowaka kokote, umeme haujafika pale, basi angalia kama swichi imewashwa kweli, na kama kibanio kimeshika. Kwa mtindo huu unapima kasha zima bila kuchomoa hata moja, na nawasihi msichomoechomoe ovyo. Nimerekebisha magari mangapi ambayo ugonjwa wake wa pili ulikuwa fyuzi kurudishwa tundu la jirani!

Jambo moja msifanye na testa: waya na plagi za rangi ya manjano chini ya dashibodi ni za eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukukinga ajalini. Hizo hazidungwi, hazichokonolewi. Mziache kabisa.

Ukishaipata, zima gari, toa ufunguo, kisha chomoa. Kuna kikoleo kidogo cha plastiki cha kazi hiyo, mara nyingi kimebanwa ndani ya mfuniko wa kasha, la boneti au la ndani. Kisipokuwepo, plaisi ya mdomo mrefu inatosha, lakini vuta moja kwa moja, usipindishe. Mpya iwe na namba ile ile na umbo lile lile. Namba imepigwa chapa kichwani na rangi inaithibitisha: 5 ni kahawia hafifu, 7.5 ni kahawia iliyokolea, 10 nyekundu, 15 buluu, 20 manjano, 25 nyeupe ya kuonyesha, 30 kijani. Wanaokosea hapa ni wa 5 na 7.5, maana jioni kahawia zote ni moja, soma namba. Kuhusu umbo, nenda dukani na ile iliyoungua mkononi. Kuna za kawaida, kuna ndogo, na kuna ndogo ambazo ni fupi zaidi, miguu yake haichomozi. Ya umbo jingine ukiilazimisha itapanua koo la tundu, na tundu lililopanuka ni ugonjwa nitakaoueleza hapo chini.

Turudi kwa mwalimu. Nilihakikisha kwanza nafasi ya fyuzi ya laita iko tupu. Kisha nikamulika tochi ndani ya tundu lenyewe. Chini kabisa, kando ya kile kidoa cha katikati, kulikuwa na kitu kinang'aa. Ni ncha ya chaja yake. Zile chaja za bei rahisi, ncha yake ya chuma imefungwa kwa kukazwa tu kama kifuniko cha chupa, na mtikisiko huilegeza mpaka siku moja unachomoa chaja, ncha inabaki ndani. Sasa katikati ya tundu ndiko umeme ulipo, na ukuta wake wa pembeni umeungwa na bodi. Kipande cha chuma kikilala baina ya hivyo viwili, shoti imekamilika. Asubuhi kilikuwa kimelala upande, kimya. Gari likipanda matuta njiani kinaviringika, kinagusa, fyuzi inakwenda. Ndiyo maana kila ya asubuhi ilikufa jioni.

Nikakitoa kwa plaisi. Na hapa ndipo penye umuhimu wa fyuzi kuwa nje mwanzo: plaisi nayo ni chuma, ungeitumbukiza na umeme upo, wewe mwenyewe ungekuwa shoti ya tano.

Si kila shoti inaonekana kwa tochi, ndugu zangu. Wiki chache kabla, nililetewa gari linaloua fyuzi ya TAIL, siku inaua siku haiui. Kwa kisa kama hicho usichome fyuzi kumi ukitafuta. Chukua taa ya indiketa ya wati 21, uiunge nyaya mbili, uzichomeke palipokuwa na fyuzi. Taa hiyo haiwezi kupitisha hata ampea 2, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Shoti ikiwepo, itawaka kwa nguvu zake zote. Ikiondoka, mwanga unafifia au unazimika. Nikakaa na hiyo taa miguuni, kijana wangu akatikisa waya moja moja kutoka mbele kwenda nyuma. Alipoufungua mlango wa nyuma ikang'aa, akiufunga ikafifia. Zile waya zinazopita kwenye bawaba za mlango huo hukunjwa kila unapopakia mizigo, na ngozi yake ilikuwa imepasuka ikagusa bodi. Tukaunga, tukavisha mpira mpya, kwisha.

Hapa kwetu pwani kuna magonjwa mawili zaidi ambayo fundi wa bara haoni sana. La kwanza ni chumvi. Hewa hii tunayoisifu jioni pale ufukweni Mama Ngina hutafuna shaba, na miguu ya fyuzi huota ukungu wa kijani. Mguso unakuwa mbaya, na mguso mbaya hupata moto. Utachomoa fyuzi, utepe wake ni mzima kabisa, lakini plastiki imeyeyuka upande wa mguu mmoja. Hiyo haikuungua kwa umeme kuzidi, ila tundu limelegea au limeoza. Nyingi nilizoziona ni za feni ya AC, maana Mombasa hiyo hailali. Fyuzi mpya hapo itayeyuka vile vile. Linalotibiwa ni tundu, likakazwa na kusafishwa, au likabadilishwa.

La pili ni maji, na mshitakiwa wangu ni mwarobaini. Gari linalolala chini ya mti huo hujaza majani pale chini ya waipa, yakaziba kitundu cha kutolea maji. Mvua ya masika ikija, maji hayana pa kwenda, yanatafuta njia ya dashibodini, na magari mengine njia hiyo hupita jirani na kasha la fyuzi. Ukiona fyuzi zaungua msimu wa mvua tu, anza kwa kuokota majani.

Na kuhusu karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyoviringwa kwenye fyuzi mfu, nitasema mara moja: msifanye. Naikuta garini kila mwezi, na mwenye gari huniambia "nilikuwa safarini, fundi." Safarini, chomoa fyuzi ya namba ile ile kwenye kitu usichokihitaji usiku huo, ikufikishe nyumbani. Mara nyingi kashani kuna za akiba pia, zimechomekwa pembeni, na watu hawazitazami.

Mwalimu nilimwekea ya buluu ya tano. Nikachomeka chaja yangu, simu yake ikalia kuashiria inachaji, tukazunguka mpaka Kongowea na kurudi, matuta yote, ikaendelea kuchaji. Ile ncha nikampa mkononi aende nayo akamwonyeshe aliyemuuzia chaja. Ya kijani akaniachia. Imo kwenye kopo langu la fyuzi, inangoja gari lililoandikwa 30.