Paleti ya rangi katika madirisha ya X: yanayosemwa na yaliyo kweli

Chukua programu inayotumia X (mfumo unaochora madirisha kwenye Unix na Linux) kuchora ramani ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na Goma, toka Ziwa Kivu kwenye mita 1,460 hivi mpaka kilele chenye mita 3,470, na kila mita 10 ina rangi yake. Hizo ni rangi 200 hivi. Kioo cha biti 24 kitazionyesha bila shida, lakini kwenye biti 8, yaani rangi 256 tu kwa madirisha yote, ramani hiyo inaharibika kwa sababu za dhana zilizo hapa chini. Na biti 8 hazijaisha: programu za zamani za kisayansi bado zinadai paleti, na mtu wa Goma akifungua kwa VNC (njia ya kuendesha kompyuta iliyo mbali) ordinatere iliyo Lubumbashi hupunguza rangi ili mtandao usimlemee.

Dhana: nambari ya pikseli ndiyo rangi.
Katika aina ya rangi iitwayo PseudoColor, nambari hiyo ni nafasi tu katika jedwali la seli 256, na jedwali hilo ndilo paleti. Rangi imeandikwa ndani ya seli, na kilichoandikwa kinaweza kubadilishwa. Ndiyo maana hata nyeusi huulizwa kwa BlackPixel, haikisiwi kuwa 0.

Dhana: XAllocColor inanipa seli yangu mwenyewe.
XAllocColor ni amri ya kuomba rangi kwa X. Inakupa seli ya kusomwa tu, na programu nyingine ikiomba rangi hiyo hiyo itapewa seli hiyo hiyo. Ushirika huu ni jambo jema, kwa kuwa seli ni chache. Kama madirisha mengine yameshika seli 80, zimebaki 176. Ramani yetu ikiomba rangi ya 177 isiyofanana na yoyote iliyopo, XAllocColor inarudisha 0. Waandishi wengi wa programu hawakagui jibu hilo. Wanachora kwa nambari yoyote iliyokuwemo, na mlima unajaa madoa.

Likirudi 0, soma seli zote kwa XQueryColors, tafuta iliyo karibu zaidi na rangi unayotaka, kisha iombe hiyo kwa XAllocColor. Ikikataliwa, huenda ni seli ya binafsi ya programu nyingine, basi jaribu inayofuata kwa ukaribu. Usitumie kamwe nambari ambayo hukuiomba: mwenyewe akiiachia, rangi yako itageuka bila wewe kujua. Kwa ramani yenyewe, lililo bora kuliko yote ni kupunguza madai. Rangi moja kwa mita 50 inahitaji seli 40 hivi, na mteremko bado unasomeka vizuri.

Kosa jingine hapa: sehemu za XColor (muundo unaobeba nyekundu, kijani na buluu ya rangi unayoomba) zina biti 16, toka 0 mpaka 65535. Ukiweka 255 ukidhani ni nyekundu kamili, utapata karibu nyeusi. Zidisha kwa 257.

Dhana: paleti ya binafsi inamaliza tatizo.
Inalihamisha. Vioo vingi vya biti 8 vinashika paleti moja tu kwa wakati mmoja. Dirisha lako likipata paleti yake, madirisha mengine yote yanageuka rangi za ajabu. Kishale kikihama, lako ndilo linageuka. Ukilazimika, nakili kwanza seli za mwanzo za paleti ya kawaida kwenye nafasi zile zile, ili rangi za madirisha mengine zisiruke. Ifunge paleti kwa dirisha lako kwa XSetWindowColormap na umwachie msimamizi wa madirisha kazi ya kuiweka. Kuita XInstallColormap mwenyewe ni kugombana naye.

Dhana: kuachia mara moja kunatosha.
Seli ya kusomwa tu uliyoiomba mara tatu huachiwa mara tatu kwa XFreeColors. Ukiachia usiyoimiliki, utapata kosa la BadAccess.

Dhana: kwenye TrueColor haya yote hayahusu.
Katika TrueColor pikseli yenyewe hubeba rangi, bila paleti ya kubadilishwa. XAllocColor bado inafanya kazi: inakupa pikseli inayolingana na maski za kioo (zinazoonyesha biti zipi ni za rangi ipi), na mpangilio wa maski hizo si lazima uwe nyekundu, kijani, buluu. XAllocColorCells, inayoomba seli za binafsi za kuandikwa, ndiyo inayoshindwa, kwa sababu seli za huko haziandikwi. Pia, dirisha lenye aina ya rangi na idadi ya biti tofauti na za mzazi wake linahitaji paleti iliyoundwa kwa aina hiyo, yenye AllocNone (yaani bila seli zilizoshikwa tangu mwanzo), pamoja na border_pixel (rangi ya mpaka wa dirisha) iliyowekwa wazi. Ukisahau kimojawapo, XCreateWindow inaleta kosa la BadMatch. Ili kujaribu PseudoColor bila mashini ya zamani, anzisha Xephyr, seva ya X inayofunguka ndani ya dirisha, kwa `Xephyr :1 -screen 800x600x8`, kisha hakikisha aina ya rangi kwa `xdpyinfo -display :1`.