Hili neno "trauma" limetoka wapi, na lugha nyingine zinaliitaje

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, nafanya kazi Dar, na siku hizi hakuna neno linaloingia klinikini kwangu mara nyingi kama trauma. Kila mtu anayo. Aliyeachwa na mchumba ana trauma, aliyefokewa na bosi mbele ya wenzake kapata trauma, timu ikipigwa kwenye dabi nusu ya mji ina trauma mpaka Jumatano. Sina ugomvi na hilo, watu wana haki ya kutumia maneno wanavyotaka, ila kikazi linanipa shida kwa sababu mtu akikaa kwenye kiti akaniambia "dokta nina trauma" bado hajaniambia kitu, lazima nianze upya kumuuliza inakupataje, usiku au mchana, kifuani au kichwani. Sasa nikaona bora niliandikie hapa hili neno, maana safari yake ni ndefu na kuna sehemu inachekesha kabisa.

Kwanza ni Kigiriki cha kale na maana yake ni jeraha tu. Jeraha la mwilini, la kutobolewa au kukatwa, damu inatoka. Hippocrates, yule daktari wao wa kale, ana kitabu kizima kuhusu majeraha ya kichwa na neno lililotumika ni hilihili, kwa lahaja yao ya Kiionia wanasema troma. Kama una Biblia fungua Luka 10:34, pale Msamaria mwema anapomkuta yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, "akamfunga jeraha zake akizitia mafuta na divai". Kwa Kigiriki hapo imeandikwa traumata, yaani trauma zikiwa nyingi. Na nenda pia Matendo 19:16, wale wana wa Skewa waliojifanya wanatoa pepo, yule mwenye pepo akawarukia wakatoka nduki uchi na wamejeruhiwa, kitenzi cha hapo ndo babu wa "kutraumatizwa" 😂 kwa hiyo watu wa kwanza kutraumatizwa ninaowajua mimi kwa maandishi walikuwa wanakimbia barabarani bila nguo.

Na kabla hujamcheka shabiki wa mpira, jua kwamba Wagiriki wenyewe walishalitanua. Herodotus, mwanahistoria wao, analitumia kwa merikebu zilizoharibika vitani na hata kwa jeshi lililopigwa vibaya.

Basi karne zikapita neno likabaki kwa madaktari wa kukata na kushona. Mpaka leo ukienda hospitali kubwa ukasikia "wodi ya trauma" ujue ni mifupa, ajali, bodaboda. Swali ni lini na kwa nini lilihama kutoka kwenye mfupa likaingia kwenye nafsi, na jibu ambalo wengi hawalitegemei ni treni. Treni na madai ya fidia.

Tarehe 9 Juni 1865 treni ilianguka Staplehurst, kusini mwa Uingereza, mafundi walikuwa wameng'oa reli kwenye daraja wakakosea muda wa treni kupita. Watu 10 walikufa. Ndani alikuwemo Charles Dickens, yule mwandishi, behewa lake likabaki linaning'inia. Akatoka, akawa anachota maji kwa kofia yake anawapa majeruhi, afu akarudi behewani kuchukua muswada wa riwaya aliyokuwa anaiandika. Mwilini hakuwa na kitu, hata mchubuko wa maana. Ila baada ya hapo akiandika barua mkono unatetemeka mpaka anaacha, na miaka iliyofuata akipanda gari, hata la farasi la mjini, anaingiwa na hofu ya ghafla isiyo na sababu. Alikufa tarehe 9 Juni 1870, miaka mitano kamili. Sisemi treni ndo ilimuua, alikuwa na mengine, lakini ukinipa maelezo yale bila jina nitakwambia huyu mtu namjua, nimemwona wiki jana.

Watu kama yeye walikuwa wengi na wengine walikwenda mahakamani. Kampuni ya reli inasema mbona huna jeraha, abiria anasema silali. Daktari mmoja wa upasuaji wa London, John Eric Erichsen, akatoa kitabu mwaka 1866 akieleza kwamba mtikisiko wa ajali unaumiza uti wa mgongo na neva hata kama kwa nje huoni kitu. Wanasheria wa abiria wakafurahi sana. Kisha mwaka 1883 akaja Herbert Page, na huyu alikuwa daktari wa kampuni ya reli, akapinga, akasema uti wa mgongo hauna shida hapo, kinachowapata hawa ni hofu, woga peke yake unatosha kumfanya mtu aumwe hivyo. Hapo mimi huwa nacheka peke yangu, maana daktari aliyekuwa upande wa kampuni, wenye kila sababu ya kutotaka kulipa, ndiye aliyetusogeza karibu zaidi na tunachokiamini leo kuliko yule aliyekuwa upande wa majeruhi.

Kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Charcot, daktari wa neva kule Paris, hospitali ya Salpêtrière, akawa anawachunguza vibarua waliopooza baada ya ajali bila jeraha lolote. Hermann Oppenheim wa Berlin akatoa kitabu mwaka 1889 kuhusu hao wagonjwa na neno trauma likiwa kwenye jina la kitabu chenyewe, Ujerumani wakati huo ilishakuwa na bima ya ajali kazini tangu 1884 kwa hiyo kila ugonjwa ulikuwa na hesabu ya pesa nyuma yake. Freud, yule daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, alikwenda kujifunza kwa Charcot. Na mwanasaikolojia Mmarekani William James mwaka 1894 akaandika kuhusu trauma za nafsi akiziita miiba iliyobaki rohoni, ambayo kwangu mimi bado ni maelezo mazuri kuliko kurasa nyingi za vitabu vyetu. Vita vya kwanza vya dunia na vita vya Vietnam vikaleta askari wenye shida hizohizo, halafu 1980 Wamarekani wakaingiza PTSD, yaani ugonjwa wa msongo unaofuata trauma, kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili, na tangu hapo neno limesambaa dunia nzima kama lilivyo.

Ila halikukuta dunia tupu. Lugha nyingine zilikuwa na namna zao za kuliona jambo lenyewe, na hapa ndo panaponivutia mimi.

Waarabu wanasema sadma, yaani mgongano, kugongwa. Ndo neno hilohilo la kupigwa na shoti ya umeme. Wao wanaangalia kile kilichokupiga wakati Mgiriki anaangalia tundu lililobaki. Wajapani walikuwa na neno la kitaalamu zito la kuandikwa kwa herufi za Kichina, lakini baada ya tetemeko la Kobe la Januari 1995 lililoua watu zaidi ya 6,000, wananchi wa kawaida wakazoea kusema torauma, na leo mtu anaweza kulitumia hata kwa chakula alicholazimishwa shuleni. Wajerumani wana mtego wao, Traum kwao ni ndoto na Trauma ni trauma, yanafanana kwa macho tu, asili ni mbali kabisa. Nimeshaona watu mtandaoni wanayaunganisha wanatoa somo zima, jamani hapana.

Rwanda ndo usikilize vizuri. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 watu walianza kusema ihahamuka, neno linalotokana na ibihaha, mapafu. Ni mtu aliyekosa pumzi, kana kwamba mapafu hayapo, hofu imemjaa mpaka hewa haiingii. Hilo halikutoka kitabuni, limetoka kwa watu waliokuwa wanaona jirani yao anavyoanguka. Kila Aprili kwenye kumbukumbu, watu wakianza kuzidiwa uwanjani, wanapiga kelele, wanakimbia kana kwamba wauaji wako pale, kunakuwa na watoa huduma tayari wa kuwatoa pembeni. Siku hizi utasikia zaidi ihungabana, kuyumba, kutikisika, ambalo limepoa kidogo na linafaa kwa ofisi na redio. Mimi nalipenda lile la kwanza kwa sababu linanipa dalili moja kwa moja. Ukiniambia ihahamuka najua naanza na pumzi.

Wakongo wanaozungumza Kiswahili wamechukua la Kifaransa, traumatisme, kwa hospitali na kwa moyo vilevile. Na kule Bukavu kwa Dokta Mukwege, hospitali ya Panzi, mwanamke aliyebakwa anapata upasuaji, ushauri wa kisaikolojia na msaada wa kisheria palepale, kwa hiyo jeraha la mwili na la nafsi vinashughulikiwa mahali pamoja.

Sasa sisi. Redioni na magazetini wanapenda kiwewe. Samahani, silikubali. Kiwewe ni ukifungua mlango ukute nyoka, akili inaruka, dakika kumi baadaye unasimulia huku unacheka. Kinapita. Mshtuko nao una tatizo hilohilo, na juu yake ukisema mshtuko watu wanasikia mshtuko wa moyo. Jeraha la moyo, hapo tayari tuko kwenye mapenzi na Bongo fleva. Mimi nasema jeraha la nafsi, kwa sababu jeraha kwa Kiswahili, tofauti na kidonda ambacho kinaweza kujitokea chenyewe, lazima kuna kitu kilikuumiza.

Ila mgonjwa wangu haji na jeraha la nafsi. Nina kijana wa bodaboda, mguu umeshapona na vyuma vimeshatolewa, kwenye faili lake la hospitali imeandikwa trauma wakimaanisha mfupa wa paja, na barua aliyoniletea nayo imeandikwa trauma wakimaanisha kwamba akisikia honi ya basi anakaa chini popote alipo. Neno moja, mafaili mawili. Yeye mwenyewe anasema "ile honi inanirudia, mwili unakufa ganzi". Kwa hiyo mstari wa juu kabisa kwenye faili langu nimeandika hivyo alivyosema, honi inarudi na mwili unakufa ganzi, na chini yake ndo nikaweka namba ya ugonjwa wanayoitaka watu wa bima, 6B40, yaani PTSD.