Milango ya kanisa ikifungwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tarehe 18 Machi 2020 Rais Museveni alisimamisha ibada za pamoja kwa siku 32, kabla hata mgonjwa wa kwanza wa korona hajathibitishwa Uganda. Siku hizo 32 zikawa miezi sita. Makanisa na misikiti vilifunguliwa Septemba kwa sharti la watu wasiozidi 70, vikafungwa tena Juni 2021 hadi Septemba. Oktoba 2022 ikawa zamu ya wilaya za Mubende na Kassanda, safari hii kwa sababu ya Ebola. Ndiyo maana nasema suala hili halijapita. Nikikaa na wazee wa makanisa yetu ya Kiswahili, kuanzia Katwe na Makindye hapa Kampala hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, bado nasikia maneno yaleyale yaliyofanya waumini watawanyike bila sababu.

"Bila intaneti kanisa dogo halina la kufanya"

Hili ndilo lililotuumiza kuliko yote. Makanisa makubwa ya Kampala yalikuwa na kamera na muda wa televisheni, basi wadogo wakadhani njia ni hiyo tu. Mchungaji ananunua bando kwa pesa ya chakula, anaegemeza simu kwenye mimbari, anahubiri mubashara. Wanaomtazama ni vijana wachache na ndugu walioko ng'ambo. Akina mama wenye vitochi, yaani simu ndogo za vitufe, ambao ndio nguzo ya maombi, hawamo. Tena kuanzia Julai 2018 hadi katikati ya 2021 ilibidi ulipe kodi ya shilingi 200 kwa siku ndipo ufungue WhatsApp, na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilizimwa kwa siku kadhaa. Kanisa lililotegemea mtandao peke yake lilibaki bubu.

Kinachofanya kazi ni daftari. Daftari la kawaida la shule, kila ukurasa nyumba moja: majina ya wote waliomo mpaka watoto, namba ya simu, na kama hawana simu, namba ya jirani. Chini yake nani anakunywa dawa za presha, nani mjamzito, nani anaishi peke yake. Pembeni, tarehe waliyopigiwa mara ya mwisho na jina la aliyepiga. Kanisa la watu 60 lina nyumba kama 15 hivi. Wazee watano wakigawana, kila mmoja ana nyumba tatu tu kwa wiki, na hakuna anayesahauliwa. Kanisa la watu elfu tano haliwezi kufanya hivyo hata likiwa na kamera kumi. Udogo ambao tumekuwa tukiuonea aibu ndio uliotupa nafasi hiyo.

Kwa wenye simu kubwa, sauti inatosha. Neno la dakika tano lililorekodiwa WhatsApp halifiki hata MB 2, wakati saa moja ya video hula mamia ya MB. Kwa wenye vitochi, simu nyingi huweza kuunganisha watu watano au zaidi kidogo kwa mkupuo mmoja: somo fupi, maombi, kila mtu aseme neno moja, dakika kumi na tano zimetosha. Msijaribu tu kuimba wote pamoja. Sauti huchelewa njiani, kila mmoja anamaliza ubeti kwa wakati wake, na wimbo unavurugika kabisa. Aanzishe mmoja, na kila nyumba iitikie kwake. Mama akiweka simu juu ya kabati, spika ikiwa wazi, watoto wote wanaimba naye hapo chumbani, na hiyo ni ibada kamili.

"Serikali ilikuwa inawatesa Wakristo"

Misikiti ilifungwa siku ileile, na Waislamu walisali tarawehe za 2020 majumbani. Tarehe 3 Juni mwaka huo, Siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji hawakwenda Namugongo. Mateso Uganda inayajua. Septemba 1977 Idi Amin alipiga marufuku vikundi 27 vya dini, Wapentekoste, Wabaptisti na Waadventista wakiwemo, na hadi utawala wake ulipoanguka 1979 watu walisali vyumbani kwa sauti ya chini. Amri ile ilifuta kanisa lenyewe. Hizi za juzi zilisimamisha kukusanyika, na aliyekupigia simu kukuombea hakuvunja sheria yoyote.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu wako waliouchukua mfano wa 1977 na kusema, "Basi nasi tukutane kwa siri sebuleni, Mungu atatulinda." Tarehe 10 Machi 2020, katika jimbo la Washington huko Marekani, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya, mmoja wao akiwa mgonjwa. Waliougua, yeye akiwemo, wengine kwa uhakika na wengine kwa makisio ya madaktari, walifika 53, na wawili wakafa. Hawakufanya kosa lolote isipokuwa kuimba pamoja chumba kimoja. Sebule zetu ni ndogo kuliko chumba kile, madirisha yake hufungwa jioni kwa ajili ya mbu, na bibi huketishwa katikati.

Ebola ni habari nyingine: huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu, na mazishi ndiyo hatari kubwa. Mlipuko wa 2022 uliua watu 55 kati ya 142 waliothibitishwa. Kwa hiyo kabla mzee wa kanisa hajaenda kubisha hodi, aulize kwanza ni ugonjwa gani na wahudumu wa afya wanasemaje.

"Sadaka ya simu ni biashara ya mchungaji"

Wasiwasi huu una sababu, na dawa yake ni uwazi. Laini iwe ya mhazini, wazee wawili wengine waione taarifa ya miamala kila mwisho wa mwezi, na kiasi kilichoingia na kilichotoka kisomwe kwa waumini. Pesa ya msaada isitolewe kwa wakala bila lazima, maana kutoa kuna ada, na juu ya ada kuna kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa. Itumwe moja kwa moja kwa mjane.

Na sadaka ina njia mbili. Aprili 2020, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda kwa asilimia 30, ibada zikiwa zimefungwa. Kanisa lililokuwa linakusanya tu bila kutoa lilipoteza watu Nakivale, na watu hao walikuwa na haki ya kuondoka. Boda boda zilikatazwa abiria, lakini mizigo ziliruhusiwa: kilo tano za posho (unga wa mahindi), maharage na mche wa sabuni vilimfikia mtu mlangoni kwake.

"Asiyerudi ameasi"

Wengine walishindwa kodi ya nyumba wakarudi kijijini. Wengine waliugua. Wengine wanaona haya kuja mikono mitupu. Chukueni daftari, mpigie kila jina ambalo halijaonekana. Namba isipopatikana, muulizeni jirani, na jirani asipojua, nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa. Aghalabu yeye anajua nani amehama na ameelekea wapi.