Tairi kubwa haliongezi nguvu ya gari: dhana potofu na ukweli

Mvua zikikaribia, wenye Land Cruiser za safari huingia gereji na ombi lile lile: "Nifungie matairi ya inchi 35, gari lipate nguvu kwenye tope." Katika dhana zote kuhusu matairi, hii ndiyo inayoharibu magari mengi.

Nguvu inatoka kwenye injini, inazidishwa na gia na difu (gia za kwenye ekseli), kisha tairi linaifikisha ardhini. Ekseli ikiwa mbali zaidi na ardhi, nguvu ile ile inasukuma kwa udhaifu zaidi, kama mtu anayepanda mlima kwa baiskeli iliyokwama kwenye gia nzito.

Piga hesabu. Tairi la 235/85R16 (upana milimita 235, urefu wa ubavu asilimia 85 ya upana, rimu inchi 16) lina kipenyo cha milimita 806 hivi. La 315/75R16, ambalo ndilo "35", lina 879. Ongezeko ni asilimia 9. Kama difu yako ni ya 4.1, yaani shafti inazunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja, gari sasa linatembea kana kwamba umelifungia ya 3.76, na msukumo ardhini umepungua kwa zaidi ya asilimia 8 katika kila gia, hata ukiwa umeingiza lo (gia za nguvu za mwendo wa taratibu). Injini ya 1HZ, lita 4.2 bila tabo, ina torki ya Nm 285 tu. Ipakie abiria, friji na spea mbili, halafu ongeza kilo 10 hivi kwa kila tairi, tena uzito unaozunguka. Hapo dereva anaanza kuondokea nusu klachi kila anapokwama, na klachi inanuka kabla msimu haujaisha.

Kwenye mteremko ni hatari zaidi. Ukishuka Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro, gia ya kwanza ya lo inalizuia gari kidogo kuliko zamani, kwa hiyo unakanyaga breki muda mrefu zaidi, na breki hizo hizo zina tairi refu na zito la kusimamisha.

Anayetaka 35 kweli abadilishe krauni na pinioni, gia mbili za ndani ya difu. Hesabu inadai difu ya 4.47, iliyo karibu ni 4.56. Ya 4.3 inarudisha kama nusu tu ya kilichopotea. Na zibadilishwe mbele na nyuma pamoja. Ukibadilisha ya nyuma peke yake, siku utakapoingiza fowili (magurudumu yote manne yavute) kwenye ardhi ngumu ekseli mbili zitavutana mpaka transfa, gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, au shafti ivunjike. Bila fedha ya difu mbili, baki na 235/85 au 7.50R16, tairi jembamba la upana wa inchi 7.5. Ni ushauri ule ule kila mwaka, na bado ni sahihi.

Ziko dhana nyingine pia. "Matairi makubwa yanapunguza ulaji wa mafuta." Kwenye lami tambarare mizunguko ya injini inashuka, ni kweli. Kilima cha kwanza kinakurudisha gia ya chini na faida inaishia hapo. Ukipima ulaji, kumbuka geji ikisoma kilomita 100 umekwenda 109. Ikionyesha spidi 50, uko 54 na nusu, na tochi ya trafiki haisomi dashibodi yako.

"Tairi pana linafaa kila mahali." Kwenye mchanga, sawa, ukishusha upepo hadi PSI 18 au 20 kwa gari jepesi, kisha ujaze tena kabla ya lami. Kwenye udongo mweusi wa ukanda wa magharibi wa Serengeti, tairi jembamba mara nyingi linakata tope hadi kwenye ardhi ngumu. Lile pana linaelea, linajaa udongo na kuteleza. Tena tairi pana la 285/75 halifai rimu nyembamba za chuma zinazovaa tairi la 7.50R16, linataka rimu yenye upana wa inchi 7.5 kwenda juu.

"Springi ndefu zinatosha kuinua gari." Zinainua bodi. Difu inabaki pale pale, kwa sababu imekaa kwenye ekseli. Kinachoiinua ni tairi, na kwa nusu ya tofauti ya kipenyo: kutoka 806 kwenda 879 unapata milimita 36.

"Halijagusa hapa gereji, basi limekaa." Gari likisimama tambarare halionyeshi kitu. Pandisha gurudumu moja la mbele kwenye tuta hadi springi ibanwe, kata usukani mpaka mwisho, kisha urudie upande wa pili. Likikwaruza madigadi au springi, rekebisha boliti za kikomo cha usukani kabla ya kukata bati lolote.