Anachoamini Mzazi Kuhusu Usonji Ndicho Kinachomwongoza Kwenye Tiba

Katika kazi yangu ya tiba ya usemi hapa pwani ya Kenya, ni nadra mzazi wa mtoto mwenye usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano, kuanzia kwangu. Mtoto asiyeitika jina lake wala kuonyesha kitu kwa kidole huwa amekwisha kusomewa, kunyweshwa kombe (maji yaliyooshea maandishi ya Kurani) na kuvalishwa hirizi, na pengine amekatwa kijinyama kilicho chini ya ulimi kwa kudhaniwa kwamba ndicho kinachozuia maneno. Utafiti uliofanywa Kilifi na Mombasa na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta wazazi wakitaja pepo, uchawi na laana, lakini pia maradhi, matatizo wakati wa kujifungua na mambo ya kurithi.

Jambo ambalo wenzangu wa hospitali hulisahau ni kwamba mzazi mmoja huweza kushika maelezo mawili matatu kwa pamoja bila kuona mgongano wowote. Anayesema mtoto amechezewa, yaani amerogwa, ndiye huyo huyo anayeuliza kama homa ya utotoni iliathiri ubongo. Wala imani potofu si mali ya waganga peke yao. Makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield katika jarida la tiba la Lancet mwaka 1998, iliyohusu watoto 12 tu na kuihusisha chanjo ya surua na usonji, iliwafanya wazazi wengi wa Uingereza, wasomi wakiwemo, kuikimbia chanjo hiyo, na jarida lenyewe likaja kuifuta mwaka 2010. Huko Marekani, walioamini kwamba chanzo ni zebaki waliwapeleka watoto kutiwa dawa za kuondoa madini mwilini, na mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 alifariki Pennsylvania akitibiwa hivyo.

Kwa ninavyoona, imani kuhusu chanzo huamua mzazi ataanzia wapi, ilhali imani kuhusu muda ndiyo huamua kama atarudi. Anayeuona usonji kuwa ugonjwa wa kupita hutarajia mtoto aseme baada ya majuma machache, na asiposema huhamia kwingine, ilhali mazoezi ya mawasiliano ni kazi ya miaka, na sehemu yake kubwa hufanyika nyumbani, wakati wa kula, kuoga na kucheza. Kwa hiyo simhoji mama kuhusu majini. Namuuliza angependa mtoto awe ameweza nini kufikia Ramadhani ijayo, tukaanza kupanga hapo. Kisomo kiendelee, sina ugomvi nacho. Ninachokataa ni kumwachisha dawa mtoto aliye pia na kifafa, maradhi yanayoandamana na usonji mara nyingi, eti kwa kuwa mganga amesema degedege lile ni la pepo.