Je, wajua? Walker siyo mtembeaji, ni mkanyaga sufu kwenye mkojo

Miaka yote nilikuwa najua Walker maana yake ni mtembeaji, yaani kila nikimuona Kyle Walker anavyochoma mbio pale beki ya kulia nasema huyu jina walikosea. Kuna siku nilimwelezea hadi mtu, kwa kujiamini kabisa, kwamba mababu zao walikuwa matarishi wanatembeza barua vijijini. Hao matarishi niliwatunga mwenyewe.

Walker ni jina la kazi, kama Smith alivyo mhunzi. Kwenye Kiingereza cha kale wealcere ni mtu anayesindika kitambaa cha sufu, na kitenzi chake, wealcan, kilikuwa kuviringisha au kugeuzageuza, hii maana ya kutembea ilishika baadaye sana. Kwa hiyo hata wale wajuaji wanaosema "aliitwa hivyo kwa sababu alitembea juu ya nguo" nao wasijisifu mapema, kukanyaga kweli walikanyaga ila neno lenyewe halikuanzia miguuni.

Sasa kwa nini kukanyaga? Kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji kinakuwa kilegevu na kimejaa mafuta ya kondoo. Kinatumbukizwa kwenye maji na mkojo uliochacha, amonia inakata mafuta, jamaa anakunja suruali anaingia na miguu mitupu, anakanyaga masaa. Unywele wa sufu una magamba madogo kama ya samaki, ukilowa na kusuguliwa unasogea mbele tu, kurudi nyuma haurudi, mwisho unang'ang'ania mwenzake. Ni kama dredi, zikishashikana kitana hakipiti. Au ile sweta ya sufu uliyoifua kwa maji ya moto ukaisugua kwa bidii ikatoka saizi ya mtoto, hapo ulifanya kazi ya Walker bila malipo. Kuanzia karne ya 12 nyundo zinazosukumwa na maji ya mto zikaanza kuchukua nafasi ya miguu, jina likabaki.

Utamu uko hapa: kazi moja, majina matatu. Kaskazini mwa Uingereza, Yorkshire na Lancashire, ni Walker, kusini mashariki ni Fuller, na kule kusini magharibi, Devon na Somerset, ni Tucker. Watu wamehamahama weee lakini ukichora ramani leo bado mgawanyo unaonekana. Kyle mwenyewe kazaliwa Sheffield, Yorkshire.

Ila usimshike kila Walker ukamwambia babu yake alinuka mkojo. Sensa ya Marekani ya 2010 ilikuta Walker zaidi ya laki tano, kama theluthi moja ni weusi, na kati yao kuna ambao jina lilitoka kwa mabwana waliowamiliki mababu zao. Wengine ni la ndoa tu: Madam C.J. Walker, yule Mmarekani mweusi aliyeuza bidhaa za nywele, alizaliwa 1867 akiitwa Sarah Breedlove, Walker ni la mumewe, na utajiri wake aliupata kwenye nywele za watu, siyo za kondoo.