Mfamasia na dawa za akili: maswali tunayoulizwa dirishani

Kwa nini baadhi ya wafamasia huwaogopa wagonjwa wa akili?

Mfamasia amekulia mtaa uleule unaomwita mgonjwa "kichaa". Chuoni anasoma jinsi haloperidoli, dawa ya skizofrenia, inavyofanya kazi kwenye ubongo, lakini anaweza kuhitimu bila kuzungumza hata mara moja na mtu mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo) aliyetulia na kurudi kazini. Anayemkumbuka ni yule aliyefikishwa akiwa amezidiwa. Waliotulia wanachukua dawa zao na kwenda zao, wala hawakumbuki.

Mapokezi mabaya ya mfamasia yana madhara gani?

Makubwa. Niliwahi kumsikia mwenzangu akiita dirishani, "Wa dawa za akili ni nani?" Foleni nzima ikageuka. Dada mmoja aliyeshika cheti alikikunja kikawa kidogo kama karata, akakitia kwenye mkoba, akaondoka. Hakuchukua dawa siku ile.

Hata anayezichukua hupotea asipoelezwa. Fluoksetini, dawa ya sonona, huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, kabla nafuu haijaonekana. Asiyeambiwa ataiacha siku ya tano akisema haifai. Haloperidoli nayo huweza kukakamaza shingo na kupindisha macho juu, na nyumbani watu wakadhani amepandisha mashetani. Ni maudhi ya dawa hayo. Awahishwe hospitali, ipo dawa ya kuyatuliza. Maelezo hayo hayazidi dakika mbili, na mtu anayemwogopa mgonjwa hawezi kuyatoa vizuri, kwa sababu anataka mgonjwa aondoke upesi.

Naweza kuomba tuongee pembeni?

Ndiyo, ni haki yako. Sema tu, "Naomba tuongee faragha." Akikataa, mwone mkuu wa famasi.

Nikijisikia nimepona, niache dawa?

Usiache ghafla. Ongea kwanza na daktari wako, maana ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu.

Nikienda kununua dawa ya mgongo, lazima niseme natumia dawa za akili?

Sema, hata kama unaona haya. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, akimeza dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, lithiamu huweza kupanda mwilini hadi ikawa sumu: mikono inatetemeka, anatapika, anayumba. Mfamasia akijua, atakutafutia dawa nyingine ya maumivu, mara nyingi parasetamoli.